Nyota ya Pembeni ni Mzaliwa wa Wapi?

Usiku wa Desemba, mvua ikiisha na mbingu zikitakata, mtu wa Kibombo akitazama kusini, si juu sana, ataona madoa mawili meupe kama moshi. Hayo ni galaksi mbili ndogo, yaani makundi ya nyota nyingi mno, ziitwazo Wingu Kubwa na Wingu Dogo la Magellan. Nuru ya lile Dogo husafiri miaka 200,000 hivi kabla ya kutufikia.

Kati yake pana ukanda wa gesi usioonekana kwa macho, uitwao Daraja. Wataalamu wanakadiria kwamba yapata miaka milioni 200 iliyopita mawingu hayo yalipitana karibu, na lile Kubwa likaivuta gesi ya lile Dogo. Humo Darajani zimeonekana nyota changa. Je, hizo ni wenyeji, au ni watoro wa Wingu Dogo?

Shauri hilo halikukatwa kwa kutazama sura. Nyota kubwa ya rangi ya buluu huteketea upesi, na baadhi ya hizo zina umri wa miaka milioni 20 tu. Hata zikienda kilomita 100 kila sekunde, kwa muda huo hupita mwendo ambao nuru huumaliza kwa miaka 7,000 hivi. Na urefu wa Daraja huipasa nuru makumi ya maelfu. Mtoto atambaaye akikutwa stesheni ya Kibombo, nani atasema ametoka Kindu kwa miguu? Basi zilizaliwa papo hapo.

Hata hivyo, gesi yake ilitoka kwingine. Vivyo hivyo katika vijiji vya kando ya reli wako wanaomwita mtoto mzaliwa wa hapo “mtu wa kuja”, kwa kuwa babaye alishuka garini. Hawasemi uongo mtupu. Wanachanganya maswali mawili: asili ya mtu ilitoka wapi, na yeye mwenyewe alianzia wapi. Shamba linapogawanywa, kosa hilo humnyima mtu chakula.

Tena lipo jambo gumu zaidi. Darajani zimo pia nyota za kale, zilizovutwa kutoka Wingu Dogo. Chombo Gaia, kilichorushwa mwaka 2013, kilipima mienendo ikaonekana kwamba nyota za Daraja zaelekea Wingu Kubwa. Wageni hao walifika wenyeji hawajazaliwa. Kati ya mgeni wa miaka milioni 200 na mwenyeji wa miaka milioni 20, nani amwambie mwenziwe aondoke?