Hedifoni Zisizo na Waya na Wajibu wa Kusikiliza

Hedifoni ya stirio isiyo na waya hupokea sauti ya simu janja kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 na kuigawa mara mbili, sikio la kulia lipate fungu lake na la kushoto lake. Teknolojia inayoviunganisha vifaa hivyo, Bluetooth, ilianza kubuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Sweden, ikapewa jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999. Leo hedifoni hizo zimo masikioni mwa abiria wa daladala na matatu, mwanafunzi, mlinzi wa zamu ya usiku na mama aliye jikoni, na wengi wao hawasikilizi muziki tu. Wanasikiliza Kurani, mawaidha, mahubiri, rozari, kaswida na kwaya. Hapo ndipo linapozuka swali la dini na falsafa: anayesikia peke yake sauti aliyoichagua mwenyewe, na anayeweza kuinyamazisha wakati wowote, je, anatimiza kile ambacho dini zimekiita kusikiliza?

Swali hili ni zito kwa sababu dini za Kitabu zimejengwa juu ya sikio. Sala ya Kiyahudi ya kila siku, Shema, huanza kwa kuwaamuru Waisraeli wasikie. Paulo, katika sura ya 10 ya waraka wake kwa Warumi, anaifungamanisha imani na ujumbe uliosikiwa kutoka kwa mtu aliyetumwa. Katika Uislamu, wahyi uliwafikia watu kwa kusomwa kwa sauti kabla haujakusanywa katika msahafu, na aya ya 204 ya sura Al-A'raf inawataka watu wasikilize na kunyamaza Kurani inaposomwa. Katika mapokeo yote hayo sauti hutoka nje ya msikilizaji na kumkuta alipo, ameitaka au hakuitaka. Jicho hufumbwa, bali sikio halina kifuniko, na wajibu wa kusikiliza umesimama juu ya udhaifu huo wa mwili.

Hedifoni zimelipa sikio kifuniko. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa Marekani, akiwa ndani ya ndege akitoka Zurich, alianza kukokotoa jinsi kelele inavyoweza kufutwa kwa kelele nyingine iliyo kinyume chake; mwaka 1989 hedifoni za marubani zenye uwezo huo zikaingia sokoni. Hedifoni nyingi za sasa hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Maikrofoni ndogo zilizo upande wa nje hunasa mngurumo wa injini, kifaa hutoa wimbi lililopinduliwa, na mawimbi mawili hayo huuana. Maikrofoni hizohizo zikiamriwa vingine huiruhusu sauti ya nje iingie. Kwa hiyo mtaa mzima, pamoja na watu wake, uko chini ya kidole cha mtu mmoja. Inasimuliwa kwamba wanafunzi wapya wa mwanafalsafa Pythagoras walimsikiliza akiwa nyuma ya pazia, wasimwone. Mwenye hedifoni naye hamwoni mwalimu wake, lakini wanafunzi wale hawakuwa na uwezo wa kumkatiza mwalimu katikati ya sentensi. Tofauti hiyo si ndogo. Mtu anayeweza kulifunga somo mara linapoanza kumchoma, bila aliyesema kujua, yumo katika hali ambayo waliotunga adabu za kusikiliza hawakuifikiria.

Kuna jambo jingine lisiloonekana upesi, nalo pengine ndilo zito zaidi. Spika mbili zikiwa chumbani, kila sikio huzisikia zote mbili. La kulia huipata pia sauti ya spika ya kushoto, ikiwa imechelewa kidogo na kupungua nguvu, na umbo la kichwa na la sikio lenyewe huibadilisha sauti kwa namna inayouambia ubongo ilikotoka. Hedifoni huondoa alama hizo. Sauti haionekani tena kutoka mbele au pembeni. Hukaa katikati ya fuvu, pale pale ambapo mtu huyahisi mawazo yake. Kisomo kamili cha Kurani cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, kilichorekodiwa Misri na kutolewa mwaka 1961, kikisikilizwa hivyo huwa kama kinasomwa ndani ya nafsi ya msikilizaji.

Wapo wanaoiona hali hiyo kuwa ukaribu wa kiroho uliokuwa haujapatikana kabla. Mwanachuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, katika kitabu cha adabu za kusoma Kurani kilichomo ndani ya Ihya Ulum al-Din, aliielekeza njia upande mwingine kabisa. Kwake, msomaji anatakiwa apande daraja kwa daraja hadi ayasikie maneno kana kwamba yanatoka kwa Mwenyezi Mungu, si kutoka katika nafsi yake mwenyewe. Ukaribu anaouzungumzia ni ukaribu na Msemaji ambaye ni mwingine. Sauti inayojichanganya na mawazo ya msikilizaji inaweza kumliwaza sana, lakini ni rahisi pia ikachukuliwa kama wazo lake jingine, likaja na likapita. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, aliogopa jambo lililo karibu na hilo: kwamba uzuri wa wimbo unaweza kumgusa kuliko kile kinachoimbwa. Stirio safi huiongeza hatari hiyo, maana imetengenezwa kwa ajili ya uzuri.

Muundo wa Bluetooth yenyewe una ushahidi wa kufaa hapa. Kwa miaka mingi mfumo huo umetumia njia mbili tofauti. Moja hupeleka stirio ya ubora wa juu, nayo ni ya upande mmoja: simu husema, hedifoni hupokea. Nyingine ni ya mazungumzo, na inaruhusu maikrofoni kurudisha sauti ya mtumiaji. Simu inapopigwa kifaa huiacha njia ya kwanza na kuhamia ya pili, na papo hapo sauti huwa nyembamba, ya mkondo mmoja, isiyo na kina. Kila mtumiaji ameliona hilo, hata asipojua sababu yake. Waliobuni mfumo hawakuwa na nia ya kidini. Walikuwa wakigawa nafasi finyu ya redio. Hata hivyo walichokigawa ni kusikiliza na kujibu, na uzuri wote wakauweka upande usio na jibu. Ibada haigawiki hivyo. Msomaji wa Kurani akifika kwenye aya ya sijda, msikilizaji husujudu. Padri akimaliza sala, waumini huitikia amina.

Mafaqihi walilijadili suala hili karne nyingi kabla ya simu, walipouliza nani anapaswa kusujudu aya ya sijda inaposomwa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi kwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, sijda hiyo ni sunna kwa msomaji na kwa anayemsikiliza, na hata kwa aliyesikia bila kukusudia, ingawa kwake mkazo umepungua. Wahanafi wanaiona kuwa wajibu kwa aliyesoma na aliyesikia. Lakini Wahanafi wakaweka mpaka: aliyesikia aya kwa mwangwi, au kutoka kwa ndege aliyefundishwa kutamka, hapaswi kusujudu kwa ajili hiyo. Sauti ile imefika sikioni, hakuna shaka, ila nyuma yake hakuna mtu anayesoma wakati ule. Baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameilinganisha sauti iliyorekodiwa na mwangwi, wakaitenga na kisomo kinachorushwa moja kwa moja. Hukumu hiyo haikatazi kusikiliza rekodi, wala haipunguzi heshima ya maneno. Inachosema ni kwamba wajibu wa kuitikia huzaliwa na kitendo cha mtu, na mawimbi yaliyofika sikioni peke yake hayatoshi.

Hoja hiyo ndiyo iliyoongoza pia mjadala wa swala ya jamaa. Mwanachuoni wa Morocco, Ahmad al-Ghumari, aliandika risala ya kutetea kuswali Ijumaa nyumbani nyuma ya redio. Wengi hawakukubaliana naye, wakisema kumfuata imamu kunataka kukutana mahali pamoja. Upande wa Katoliki, hati ya Vatikani ya mwaka 2002 kuhusu Kanisa na intaneti ilisema wazi kwamba hakuna sakramenti zinazotolewa kwa mtandao. Pande hizo mbili hazikushauriana, lakini zimefika karibu.

Wajibu unaosahaulika zaidi ni ule ulio kwa jirani. Aya ya 86 ya sura An-Nisaa inaamuru maamkizi yajibiwe kwa yaliyo mazuri zaidi au mfano wake, na mafaqihi wakasema jibu ni wajibu kwa aliyesalimiwa peke yake, na kwa kundi linatosheleza la mmoja wao. Mwanachuoni An-Nawawi, katika kitabu chake Al-Adhkar, anaeleza kwamba anayemsalimu kiziwi atamke salamu na aashirie kwa mkono, ili kiziwi aelewe na kujibu. Mwenye hedifoni amejiweka mahali pa kiziwi, ila uziwi wake ni wa kuchagua, na mzigo wa kuashiria amemtwika mpita njia. Zamani waya uliotoka sikioni hadi mfukoni ulikuwa ishara tosha: huyu hasikii, asilaumiwe. Kifaa kisicho na waya, kidogo kama kishikizo, hujificha chini ya ushungi au kofia. Mzee anamsalimu kijana, kijana anapita, na mzee hana njia ya kujua kama amedharauliwa au hakusikiwa. Katika jamii ambayo shikamoo isiyojibiwa ni jeraha, kuondoka kwa waya kumeondoa udhuru. Anayevaa kifaa hicho mbele za watu ana deni la kuwafanya wajue. Kukivua kwenye sikio moja mtu anapokaribia si jambo gumu.

Kusema hivyo si kuzishutumu hedifoni. Kwenye gari lililojaa watu wa imani mbalimbali, anayesikiliza mahubiri yake sikioni anawaheshimu wenzake kuliko anayeyafungulia spika. Mfanyakazi anayepata juzuu moja ya Kurani njiani kwenda kazini amepata kitu ambacho ratiba yake isingempa. Kwa mtu asiyeona, sauti ni kitabu chake, na hedifoni ni faragha yake ya kusoma. Sikio nalo ni amana: Shirika la Afya Duniani limetahadharisha kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kupoteza usikivu kwa usikilizaji usio salama, na linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Anayejiharibia masikio kwa kusikiliza mawaidha hajawa salama zaidi ya anayejiharibia kwa muziki.

Upweke huu wote haukuwa lazima tangu mwanzo. Walkman ya kwanza ya Sony, iliyotoka Julai 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni na kitufe cha rangi ya chungwa cha kupunguza muziki ili wasikilizaji wawili wazungumze, kwa kuwa Akio Morita, mkuu wa kampuni, aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake. Wanunuzi hawakujali, na kitufe kikaondolewa baadaye. Mfumo mpya wa Bluetooth uliotangazwa mwaka 2020 umerudisha uwezo huo kwa upana zaidi, kwani chombo kimoja kinaweza kurusha sauti kwa wapokeaji wengi bila kikomo maalumu, vikiwemo vifaa vya wenye usikivu hafifu. Msikitini hilo linagusa sharti mahususi. Washafi wanataka nguzo za hotuba ya Ijumaa zisikiwe na watu 40, na mzee mwenye usikivu hafifu anaweza sasa kuketi safuni na kumsikia khatibu wakati uleule anaposema, sauti ikimfikia moja kwa moja sikioni. Msomaji yupo, jamaa ipo, na msikilizaji hajajitenga na yeyote. Kwa kuwa vipaza sauti vimekwisha kubaliwa misikitini, ni vigumu kuona kwa nini mzee huyo asihesabiwe miongoni mwa 40.