Samaki wa Kupeleka Mbali

Mara hii twataka kusema nanyi juu ya jambo dogo la sokoni, nalo ni mafungu mawili ya samaki wakavu.

Tuliyaona Sake, pale njia ya Goma inapoacha Ziwa Kivu na kuanza kupanda milima ya Masisi. Ilikuwa kabla ya vita vya 2024 kufika mahali hapo. Mama mmoja alikuwa ametandika turubai chini, na juu yake ameweka sambaza katika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la samaki wazima, weupe, waking'aa kama sindano mpya. La pili lilikuwa la rangi ya udongo, vichwa vimekatika, mikia imevunjika, na mchanga waonekana kwa macho. Mmoja wetu akauliza bei ya lile la pili, kwa kuwa ndilo lililokuwa kubwa. Mama akacheka kidogo, akasema: "Hapana, papa. Hii si ya kula hapa. Hii ni ya kupeleka juu." Juu wapi? "Masisi. Ingine inashuka mpaka Walikale."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemzuia mgeni asikalie kiti kibovu. Tena ndiyo sababu neno lile lilitufuata njia nzima, tukawa twaulizana: huyo wa kukalia kiti kibovu ni nani, na ni nani aliyemchagua?

Yafaa kwanza tueleze sambaza ni nani, maana wasomaji wa mbali huenda hawamjui. Zamani Ziwa Kivu halikuwa na samaki wadogo wa kuishi kundi kwa kundi katikati ya maji. Kati ya 1958 na 1960 wataalamu wa serikali ya Wabelgiji walichukua samaki wachanga katika Ziwa Tanganyika, wakawamwaga Kivu. Ndakala yule alishika, akazaa, akajaa ziwa zima. Leo ndiye sambaza. Huvuliwa usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja kwa miti mirefu. Asubuhi huanikwa juani. Samaki mbichi karibu robo tatu ya uzito wake ni maji tu, kwa hiyo kilo nne au zaidi za samaki wabichi zakauka na kuwa kilo moja. Lakini katika ile kilo moja, zaidi ya nusu ni protini, yaani kile kitu kijengacho nyama na damu ya mtoto. Aliyebeba mfuko wa sambaza wakavu amebeba chakula kizito kuliko mzigo wake.

Nani ana haja nacho? Katika misitu ya Walikale watu hula muhogo, ndizi, mchele na mawese, na muhogo hauna protini ila kidogo sana. Masisi kuna maharage, mahindi, viazi na ng'ombe, hata jibini yake yajulikana Goma na Bukavu. Hata hivyo mtoto mwenye bwaki haonekani Walikale tu, huonekana hata Masisi penyewe, karibu na ng'ombe wasio wa baba yake. Kila mama wa Kivu amjua mtoto huyo: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na laini, ngozi yabanduka, naye hataki kucheza. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams alieleza ugonjwa huo katika nchi iitwayo leo Ghana, akaupa jina walilolitumia wenyeji, kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu ya mdogo wake. Huku kwetu wataalamu wa Lwiro waliuchunguza katika miaka ya 1950. Wa leo wasema chanzo chake si kimoja. Lakini hakuna asemaye kwamba mtoto wa muhogo mtupu hahitaji samaki.

Basi tulifuate lile fungu la pili. Lapanda katika gunia, juu ya lori au pikipiki. Milima ya Masisi ina mvua nyingi. Sambaza ana mafuta, na mafuta yakipata hewa na unyevu huharibika, yakawa machungu na ya rangi ya kahawia. Gunia likilowa, funza huingia. Katika kila soko gunia hufunguliwa, na aliyetangulia huchagua walio wazima. Kinachobaki chini ya gunia ndicho kinachokwenda mbali. Na kila kizuizi cha njiani kinadai chake, kila mbebaji anadai chake. Ndiyo ajabu ya biashara hii: samaki azidi kuwa mbaya, na bei yake yazidi kupanda! Katika machimbo ya Bisie, Walikale, kabla ya kampuni kubwa kuanza kazi yake huko mwaka 2019, vyakula vilibebwa kichwani kupita msitu. Mtu mwenye fedha za madini alinunua kwanza, kama ilivyo popote duniani.

Sasa swali letu ni hili. Je, yafaa kumlisha mwenzako chakula ambacho wewe mwenyewe hukubali kukiweka mezani pako?

Sisi tulijibu upesi kwamba haifai. Tulikuwa tumeshiba. Yule mama, tulipomwambia hivyo, alitutazama akauliza: "Na nisipoiuza hii, batoto ba kule batakula nini?" Jibu lake si la kudharau. Konzi ya vipande vya sambaza, vikioshwa vizuri na kutiwa katika sombe, ni bora kuliko sombe peke yake. Anayekataza chakula kibaya, naye hana kizuri cha kutoa mahali pake, amemwondolea mtu hata kile kidogo.

Wasomaji wengine watakumbuka kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichunguza jambo la kuuza vitu vyenye kasoro. Alifundisha kwamba kasoro iliyofichika na yenye madhara sharti muuzaji aitaje. Lakini ikiwa yaonekana wazi, kama farasi mwenye jicho moja, na muuzaji ameshusha bei ipasavyo, si lazima apige kelele juu yake. Ni neno la busara, na kwa soko la farasi latosha. Mchanga wa Sake waonekana wazi kama jicho la farasi yule. Mwenye lori auona, apunguza bei, wote wawili waagana kwa amani.

Ila mwenye lori hatakula. Hapo ndipo tunapoona shida. Mnunuzi wa farasi ndiye atakayempanda, lakini mnunuzi wa gunia si mlaji wake. Yule mtoto wa Walikale hakuliona fungu la kwanza, hata hajui kwamba lipo. Kwake sambaza ni kitu cha kahawia chenye mchanga, ndivyo Mungu alivyokiumba. Punguzo la bei limebaki Sake, kasoro imekwenda msituni. Na tuseme wazi juu ya jambo baya zaidi: wako wafanyabiashara ambao, ili kuzuia funza, hunyunyizia samaki wakavu dawa ya kuulia wadudu. Limeonekana katika masoko mengi ya Afrika, si ya kwetu tu. Hilo halina mjadala. Mchanga ni kasoro. Sumu ni sumu, hata ikiuzwa kwa bei ya huruma.

Watu wa mataifa makubwa walikwisha kukutana na swali hili, tena kwa ukubwa zaidi. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Marekani walibuni unga wa samaki kwa ajili ya wenye njaa wa dunia. Walimchukua samaki mzima, na kichwa, na matumbo, na mifupa, wakamsaga, wakamtoa maji na mafuta kwa aina ya spiriti. Ukapatikana unga mweupe usio na harufu wala ladha, karibu sehemu 80 katika 100 ni protini. Kijiko kimoja katika uji, wakasema, na mtoto amepona! Lakini idara yao wenyewe ya kusimamia vyakula ilikataa usiuzwe kwa Wamarekani. Samaki mwenye matumbo yake, ikasema, si chakula safi kwa watu wetu. Ndipo likazuka swali kama la Sake: kitu kilichokataliwa nyumbani, kitapelekwaje kwa watoto wa nchi nyingine? Mwaka 1967 idara ile iliuruhusu, kwa masharti. Unga haukufika mbali hata hivyo. Ulikuwa ghali, na watu hawapendi kula kitu kisicho na ladha ya kitu chochote. Kiwanda cha majaribio kilichojengwa Aberdeen, katika jimbo la Washington, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Hapo mtu atadhani twasema kwamba kichwa na matumbo ya samaki ni matusi kwa maskini. La, hasha. Kinyume chake! Mama anayetwanga sambaza mzima, na kichwa chake na mifupa yake, akachekecha unga ule na kuutia katika uji wa mtoto, amefanya yaleyale ya Wamarekani bila spiriti, na ladha imebaki. Tumewaona mama wengine wakiona haya kufanya hivyo mbele ya jirani, eti ni chakula cha waliokosa nyama. Haya hiyo imewaumiza watoto wengi.

Tena kumbukeni ugomvi wa mapanki kule Mwanza. Tangu viwanda vya Ziwa Viktoria vilipoanza kukata minofu ya sangara na kuipeleka Ulaya, wenyeji walinunua kilichobaki, yaani kichwa na mgongo, wakakaanga, wakala. Mwaka 2004 sinema ya Hubert Sauper ilionyesha mapanki hayo kwa dunia kama picha ya aibu, na mwaka 2006 Rais wa Tanzania mwenyewe aliipinga hadharani. Nani alikuwa na haki? Sisi twadhani kila upande ulishika nusu. Mvuvi yeyote ajua kwamba utamu wa samaki uko kichwani. Aibu haikuwa katika kichwa. Ilikuwa katika kugawa: mnofu wote umekwisha kupewa mtu wa mbali kabla mtu wa ziwani hajaulizwa atakula nini. Na upande huohuo wa Viktoria sehemu kubwa ya dagaa huenda viwandani kuwa chakula cha kuku. Kuku hajali mchanga.

Kwa hiyo hatuwezi kupima jambo hili kwa kumtazama samaki peke yake. Unga uleule ni heshima mkononi mwa mama na dharau katika meli ya msaada, ikiwa aliyeutuma amekwisha kuamua kwamba yeye na watoto wake hautawahusu. Katika vijito vya misitu yetu, wanawake huziba maji wakati wa kiangazi, huchota kwa makapu na masufuria, huokota samaki, huwabanika juu ya moto. Twajua pia kwamba wengine hutia sumu mtoni na kuua hata vijana wa samaki, hatuwasifu hao. Lakini juu ya chanja cha jikoni hakuna mafungu mawili. Mgeni akija usiku, akatwa kipande kilekile walichokula wenyeji jioni. Ni rahisi, mtasema, kwa kuwa mgeni ameketi mbele yao. Kweli, ni rahisi. Biashara ya gunia haina urahisi huo, na ndiyo maana inatudai kumfikiria mtu tusiyemwona.

Tulimrudia yule mama siku ya kurudi kwetu. Tukamwambia: Mama, wapepete. Akajibu: "Nikipepeta, kilo zinashuka. Mwenye lori anapima kilo. Ule mchanga nani atanilipa?" Tukamwambia: Basi waanike juu ya chanja, wasiguse chini kabisa. Alijua habari ya chanja kuliko sisi. Wavu unanunuliwa, miti inanunuliwa, na mvua ikija usiku sharti kuwe na mtu wa kukesha. Tukapiga hesabu pamoja naye, juu ya karatasi ya sukari. Ikiwa mwenye lori angeongeza kidogo tu kwa kila kilo ya samaki safi, chanja kingejilipa kabla ya masika mawili. Mwenye lori alikuwa amesimama palepale. Akasema Walikale hawaulizi kama ni safi, wanauliza kama ipo.

Tukaomba kununua kopo mbili za lile fungu la pili. Mama alikataa kwanza, kisha akatuuzia, akiona haya kwa ajili yetu. Jioni, nyumbani kwa mwenyeji wetu, zilipepetwa, zikaoshwa mara tatu, zikapikwa kwa mawese na nyanya. Tulikula. Mchanga ulilia menoni mara mbili au tatu. Mtoto wa nyumba ile, wa miaka minne hivi, alionja, akatema mkononi, akamtazama mama yake. Mama yake akainuka, akamkaangia yai.