Kula Kwanza, Kuponya Baadaye

Somo: Luka 10:1–20



Kiangazi kimeingia. Kahawa imeanikwa kwenye majamvi kuanzia Kanyigo hadi Kamachumu, vumbi limeanza kukaa juu ya majani ya migomba, na shule zetu zimefunga kwa likizo ya Juni. Huu pia ni msimu wa wageni. Ulaya nao wanaingia katika likizo yao ndefu, na baadhi ya sharika zetu zitapokea vijana kutoka sharika rafiki za Ujerumani, Uswidi na Denmark. Wengi wana miaka 16 au 17, wamepata kipaimara juzi tu. Watashuka Entebbe na kuvuka mpaka wa Mutukula kwa gari, au watatua Mwanza na kulala melini usiku kucha hadi Kemondo na Bukoba. Watafanya kazi ya huduma kwa siku kadhaa. Kisha watapanda mtumbwi kwenda kisiwa cha Musira, watapelekwa kuona michoro ya kale kwenye miamba ya Bwanjai, watafika Katuruka ambako wahenga wetu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na wengine watamalizia Serengeti.

Wazee wa usharika wameniuliza: hawa watoto tuwape kazi gani? Ni swali la haki. Hata hivyo naomba tutangulize jingine: watakula nini, na katika nyumba ya nani? Siulizi kwa sababu ya ukarimu tu, maana kwa ukarimu Wahaya hatuhitaji kufundishwa. Nauliza kwa sababu ya mpangilio uliomo katika somo letu.

Yesu anawatuma wafuasi sabini, wawili wawili, wamtangulie katika kila mji atakaoupitia. Kabla hawajaondoka anawavua karibu kila kitu ambacho msafiri hujivunia. Mfuko wa fedha hapana, mkoba hapana, viatu hapana. Wakiingia katika nyumba waitakie amani, na wakae humo humo bila kuhamahama. Halafu zinakuja amri mbili zinazofuatana: wale wanachoandaliwa, na wawaponye wagonjwa waliomo. Tunaposoma hapa, mara nyingi tunakimbilia uponyaji. Angalieni kilichotangulia. Mtume anakula kwanza. Mkono wake, kabla haujamgusa mgonjwa, umekwisha kunawishwa na mwenyeji na kuchovya katika sahani ya mwenyeji. Aliyebeba habari za ufalme anafika akiwa na njaa, na anayemshibisha ni mtu wa kijijini ambaye hata jina lake hatuambiwi.

Naamini Bwana alipanga hivyo kwa makusudi. Mtu ambaye hajala kwako anaweza kukutibu na kukudharau kwa wakati mmoja. Aliyeketi kwenye jamvi lako, akangoja ndizi ziive, akaona mama wa nyumba akigawa kipande cha samaki kiwatoshe watu wanane na mgeni apate kikubwa, huyo dharau inamtoka bila kuhubiriwa. Anajua sasa kwamba anadaiwa. Huduma itakayofuata itakuwa ya mtu anayedaiwa, na hiyo ndiyo huduma ya Injili.

Historia yetu wenyewe inashuhudia. Sisi Walutheri wa Bukoba tunapenda kuutaja mwaka 1910, walipofika wamisionari Wajerumani wa Betheli. Lakini wamisionari hao hawakukuta pori. Walikuta wasomaji tayari, Andereya Kajerero akiwa mstari wa mbele, watu walioshika vitabu vya Kiganda na kuvisoma, wakati mwingine kwa kujificha. Vitabu hivyo vililetwa na nani? Na Wahaya waliokwenda Buganda, wakaishi kwa watu, wakala vya watu, wakajifunza herufi wakiwa wageni, kisha wakarudi kwao. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, ni wenyeji hao walioshika kanisa mkononi. Imani yetu ililetwa na wasafiri waliokwenda kupokea. Hilo tusilisahau tunapotazama kundi la vijana likishuka melini na mabegi makubwa.

Mabegi hayo yananisumbua. Ndani yake kuna mipira, kalamu, nguo, pipi, vyote vimekusanywa kwa upendo na watoto waliouza keki na kuosha magari ili wapate nauli. Siwalaumu hata kidogo. Lakini nimewahi kufika katika usharika mmoja ambako watoto wa Shule ya Jumapili walipangwa mstari tangu asubuhi, wakafundishwa wimbo wa kukaribisha, na macho yao yote yalikuwa kwenye zipu ya begi. Uso wa mgeni hakuna aliyeutazama. Upande wa pili wa uwanja, vijana wageni walipaka rangi ukuta wa darasa kwa siku nne. Kazi hiyo fundi wa pale pale angeimaliza kwa siku mbili, naye alikuwapo, amekaa kivulini akiwatazama, ana watoto wanaosubiri ada. Waliopanga hayo si wale wageni. Tulioandika barua ya kuomba "kikundi cha kujenga" ni sisi wachungaji na wazee, kwa kuwa tulitarajia kwamba baada ya rangi itakuja bati, na baada ya bati itakuja saruji. Tumewapokea watoto wa watu kama mifuko ya fedha, wakati Bwana aliwatuma bila mifuko.

Kwa vituo vya kulelea watoto nataka kusema kwa ukali zaidi. Mkoa wetu ndio ulioandikisha wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, na miaka iliyofuata iliacha nyumba nyingi zenye bibi na wajukuu tu. Kwa hiyo mgeni akisikia Kagera, anauliza yatima wako wapi akawabebe. Mtoto mdogo aliyekwisha kuondokewa na wazazi hahitaji kupewa kila baada ya wiki mbili mtu mpya wa kumpenda, kisha amwone akipanda gari na kupotea. Mnamo Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake kuhusu haki za watoto, lilizitaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara ya watu kujitolea na kutalii katika vituo vya watoto. Sisi tulipaswa kulisema kabla yao. Ziara za kubeba watoto na kupiga nao picha zisiwekwe katika ratiba ya usharika wowote.

Kama wageni wanataka kujua namna Kagera ilivyowalea watoto wake, wapelekwe Nshamba, wilayani Muleba, wakasikilize. Huko, kwa kusaidiwa na mradi wa Humuliza, vijana waliofiwa na wazazi waliunda chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara, wakachagua viongozi miongoni mwao, wakaweka akiba, wakasimama pamoja mmoja wao alipokosa pa kuegemea. Na tangu mwaka 2003 shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee wa maeneo hayo pensheni ndogo ya kila mwezi, kwa kutambua kwamba bibi akipata fedha kidogo mkononi, mjukuu atakula na kwenda shule. Kijana wa miaka 17 kutoka Hamburg akiketi na kijana wa miaka 17 wa Nshamba na kusikia jinsi mwenzake alivyoongoza kaya akiwa bado mtoto, nani hapo atamhurumia nani? Watazungumza kama watu wawili. Wawili wawili, kama somo linavyotaka.

Basi, kazi ipi? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huitumia methali hii kumfukuza mgeni. Mimi naiona kuwa heshima, kwa kuwa jembe hupewa mtu aliyehesabiwa kuwa wa nyumbani. Wakae katika nyumba za washarika, mmoja au wawili kila nyumba, wenye kijana wa rika lao. Waamke na wenyeji, wachote maji, wachume kahawa, wageuze iliyoanikwa, wapalilie mgombani kama wanavyoelekezwa na mama wa nyumba. Wafundishwe kumwamkia mzee kwa utulivu na kupokea punje za kahawa kwa mikono miwili wanapokaribishwa. Watachuma polepole na watachoka mapema. Si hasara, kwa maana hakuna fundi aliyenyang'anywa riziki, na jioni watakuwa na la kuzungumza na vijana wetu zaidi ya kuonyeshana simu.

Michezo nayo ipewe nafasi yake. Clemens Mulokozi alipoanzisha shirika la Jambo Bukoba mwaka 2008 kati ya Ujerumani na mkoa huu, alianzia kwenye mchezo: walimu wa shule za msingi za Kagera wanafundishwa michezo ambayo ndani yake mtoto anajifunza kujilinda na VVU na kumheshimu msichana kama mwenzake. Walimu ni wa hapa hapa, uwanja ni wa hapa hapa, na wanakijiji wanachangia shule inapojengewa choo au tanki la maji. Wageni wetu wanaweza kuingia katika mchezo kama huo kuwa wachezaji tu, washinde na washindwe.

Wala sioni aibu kutetea upande wa matembezi na kujasiri. Mwili wa kijana unataka kupanda mlima na kupiga kasia, na Mungu ndiye aliyeuumba hivyo. Wale sabini walitembea kwa miguu njia zenye hatari na Bwana aliwaambia wazi kwamba anawatuma kama wana-kondoo kati ya mbwa mwitu. Linaloniuma ni kwamba wapo vijana wetu wa Kashai na Bakoba wanaoiona Musira kila asubuhi na hawajawahi kukanyaga pale, huku mgeni wa siku tatu akipelekwa. Mtumbwi ukienda, nusu ya viti viwe vya vijana wa usharika, nauli ilipwe na mfuko wa safari, na kila mmoja avae jaketi okozi, mgeni kwa mwenyeji. Ziwa hili lilituletea msiba tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama. Halitaki mzaha.

Tena tusizungumze kana kwamba kutumwa ni kwa wengine, na sisi kazi yetu ni kupokea tu. Josiah Kibira, mtoto wa Kashenye, alitoka hapa kwenda kusoma Ujerumani, na baadaye Marekani, akarudi kuwa askofu wetu mwaka 1964. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Leo kupitia UEM, umoja wa makanisa ambao dayosisi yetu ni mwanachama wake, wapo vijana wa kwetu wanaokwenda kutumika Ujerumani kwa mwaka mzima, katika nyumba za wazee na shule za watoto wadogo. Wanakwenda, wanakula mkate wa watu, wanaponya. Ni wachache mno. Kijana wa Ujerumani analipa dola 50 za viza na anaingia. Wa kwetu anasafiri zaidi ya kilomita 1,300 hadi Dar es Salaam na bahasha ya barua za mwaliko na taarifa za benki, na bado anaweza kunyimwa. Marafiki zetu wanapouliza wachangie nini, hili tuwaambie bila kuona haya: wapiganie mlango wa pili ufunguke. Kila wanapotuma vijana kumi, nasi tutume japo wawili, na wao wawe wenyeji wa kuandaa chakula.

Hata bila viza, kutumwa kupo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wetu wa ndege, waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson aliushambulia mlango wa ndege kwa kasia. Watu 19 walifariki, 24 waliokolewa kati ya 43. Hakuna aliyemwandalia Majaliwa ratiba ya huduma. Vijana wa namna hiyo tunao, nasi tunawaweka kwaya tu na kuwaambia wangoje. Darasa letu la kipaimara lingeweza kwenda kisiwa cha Bumbire kwa siku tano, mikono mitupu, wakalala katika nyumba za wavuvi, wakala dagaa, wakauliza nini kinatakiwa.

Wale sabini waliporudi walijaa furaha kwa yale waliyoweza kuyafanya. Bwana hakuwakemea, ila aliigeuza furaha yao, wafurahie kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Wageni wetu watakaporudi kwao wataonyesha picha kanisani. Natamani katika picha hizo wajue kila jina: huyu ndiye mama aliyenilisha, huyu ndiye aliyenifundisha kuchuma kahawa. Nasi tuyajue ya kwao na kuyataja katika maombi mwezi wa Septemba, na mwaka utakaofuata.

Kwa hiyo, baada ya ibada ya kwanza Jumapili ijayo, naomba familia zenye vijana wa miaka 15 hadi 18 zibaki. Tutaandika nyumba zitakazopokea wageni, kuanzia zile ambazo hazijawahi kuombwa kwa sababu tulidhani hazina vitanda vya kutosha. Wazee wa usharika waje na jina la fundi atakayepaka rangi darasa, na malipo yake. Na vijana walio tayari kwenda Bumbire mwezi Desemba waandike majina yao kwa mwinjilisti.