Vazi la Shinari Kabatini Mwetu

Maandiko ya kusoma: Yoshua 7:19-26; 1 Samweli 17:38-40; Yakobo 2:1-4



Nilipotangaza kwamba Jumapili nitaongea juu ya mavazi, niliona nyuso zikibadilika. Akina mama wakatazama mabinti zao, mabinti wakatazama chini. Kila mtu alidhani naja na rula ya kupima sketi. Hapana. Leo hiyo rula inanipima mimi kwanza.

Wacha niseme wazi: mimi napenda nguo. Jumamosi nikipata nafasi nashuka Gikomba asubuhi na mapema, wakati wenye vibanda wanafungua bale, kabla zile nzuri wanazoita kamera hazijaisha. Haya mashati makubwa yanayoteremka bega, ambayo vijana wanavaa siku hizi, nayapenda. Yanamsitiri mtu kuliko zile suruali za kubana tulizovaa sisi. Jinzi zilizoraruliwa magotini sizielewi, maana nililelewa na nyanya ambaye angekaa chini akashona kiraka. Na sisi wahubiri vijana tunaovaa suti za kubana, suruali imeishia juu ya kifundo na viatu bila soksi, tusicheke wengine. Lakini hayo ni maoni yangu, si Neno. Mtu asihame kanisa kwa sababu ya maoni ya pasta kuhusu soksi.

Biblia haichukii nguo nzuri. Yule mwanamke wa Mithali 31 alivaa kitani safi na zambarau, na hakuna mahali anakemewa. Lakini angalia vizuri: aliifanyia kazi kwa mikono yake, na watu wa nyumba yake wote walikuwa wamevaa. Hakuna aliyelala njaa ili mama apendeze. Sasa shida inaanzia wapi?

Twende Yoshua 7. Israeli wameshinda Yeriko, halafu wanapigwa na mji mdogo wa Ai. Watu 36 wanakufa. Kumbe kambini kuna mtu anaitwa Akani. Anapoulizwa na Yoshua, anakiri hatua kwa hatua: aliona, akatamani, akachukua, akaficha. Na kitu cha kwanza anachotaja, kabla ya fedha na dhahabu, ni vazi zuri kutoka Shinari. Nguo ya mtindo wa nchi ya mbali! Sasa jiulize swali moja: Akani alilivaa hilo vazi siku gani? Hakulivaa hata siku moja. Lilikuwa chini ya udongo ndani ya hema yake. Alipoteza nyumba yote kwa nguo ambayo hakuwahi kutoka nayo nje.

Wengi mnakumbuka mwaka wa 2015, dada yetu Lupita Nyong'o alipokwenda kwenye tuzo za Oscar na gauni jeupe la Calvin Klein lililoshonwa lulu kama 6,000. Thamani yake ilikadiriwa kuwa dola 150,000. Siku chache baadaye gauni likaibwa hotelini kule California, kisha likapatikana limeachwa kwenye choo cha hotelini hapo hapo. Vyombo vya habari viliripoti kwamba mtu aliyedai ndiye mwizi alipiga simu akilalamika ati lulu zilikuwa bandia. Nilicheka niliposoma, halafu nikamkumbuka Akani. Naye pia aliona, akatamani, akachukua, akaficha. Na mkononi hakubaki na kitu.

Na kuna jambo ambalo wengi hatulijui tunapotazama picha za mastaa kwenye simu. Nguo nyingi zinazovaliwa kwenye zulia jekundu huwa ni za kuazima. Mbunifu anamkopesha staa gauni, vito pia vinaazimwa, picha zinapigwa, kazi ya mbunifu inajulikana, na kesho yake vitu vinarudishwa. Staa hajalipa chochote, na wengine hata wanalipwa wao. Hiyo ni biashara ya matangazo, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni hapa kwetu: yeye anaazima bure kwa usiku mmoja, mimi na wewe tunanunua mfano wake kwa mkopo wa simu na tunalipa miezi mitatu. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ya mkopo je?

Sasa nifike mahali penye uchungu. Nina ruhusa ya mwenyewe kusimulia.

Kuna dada mmoja hapa kanisani, mhudumu wa mlangoni, ambaye hatukumwona Jumapili tatu. Yeye huuza sukuma wiki na nyanya kando ya barabara. Nilienda kumtembelea pamoja na Mama Mchungaji. Tukakaribishwa chai. Ukutani, kwenye msumari, kulikuwa na gauni la rangi ya maruni, bado lina karatasi ya bei. Shilingi 3,500.

Nikamuuliza, "Dada, mbona hatukuoni?"

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Pasta, ulitangaza wahudumu wote tuje na maruni. Sikuwa nayo. Nikakopa kwa simu. Siku ya kulipa ilipofika nikakopa kwingine nilipie ile ya kwanza. Sasa pesa ya kwenda sokoni ndiyo inalipa gauni. Nikaona nisilivae, labda mwenye duka atakubali kulirudisha. Lakini bila hilo gauni ningesimamaje mlangoni?"

Deni lilikuwa limefika 6,200. Kile kibanda chake kilikuwa na mafungu machache tu ya nyanya.

Wapendwa, mimi nilisomea biashara chuo kikuu. Najua mtaji ni nini. Mtu akila mtaji wake, kesho hana cha kuuza. Nimewafundisha vijana hapa kwamba ukikopa, kopa kwa ajili ya kitu kinachozaa, si kwa kitu kinachochakaa. Na bado ni mimi niliyesimama madhabahuni nikitangaza rangi ya Jumapili: leo maruni, wiki ijayo nyeupe na dhahabu, ili picha zetu zipendeze mtandaoni kama za yale makanisa makubwa. Niliona, nikatamani. Katika hadithi hii Akani si yule dada. Dada alikuwa anatii mchungaji wake. Mwenye kuleta vazi la Shinari kambini ni mimi.

Yakobo anaonya juu ya kanisa linalompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini akae chini. Sisi hatukumwambia dada akae chini. Tulifanya mbaya zaidi: tulimfanya akae nyumbani.

Basi tufanye nini? Nawapa mambo matatu.

Kwanza, nimeongea na mchungaji wetu kiongozi na tumekubaliana: rangi ya Jumapili imeisha. Wahudumu, timu ya sifa, sisi wa madhabahuni, kila mtu aje na nguo safi aliyo nayo. Kama mitumba, iwe mitumba. Kitambulisho cha kifuani kinatosha.

Pili, lile deni halitabebwa na yule dada peke yake. Mimi niliyetangaza nimelipa sehemu kubwa, na wahudumu wenzake wakachanga iliyobaki. Kibanda kimejaa tena. Kama kuna mwingine ambaye alikopa ili afanane nasi, tafadhali njoo uniambie. Hakuna atakayekuhukumu.

Tatu, vijana wangu, kumbukeni Daudi. Sauli alimvika mavazi yake ya vita, kofia ya shaba na kila kitu. Kwa picha, Daudi angeonekana mfalme kabisa. Lakini alipojaribu kutembea, akaona hawezi, hakuyazoea. Akayavua mbele ya mfalme bila aibu, akachukua fimbo yake, kombeo na mawe matano. Goliathi akaangushwa na kijana aliyevaa nguo zake za kila siku. Kabla ya kununua kitu ulichoona kwa staa, jiulize: nikivaa hiki nitaweza kutembea? Au nitakuwa najificha kila simu ya deni ikilia?

Penda kupendeza. Vaa vizuri, jisitiri, nawe utafurahisha macho yetu. Lakini Mungu hajawahi kukutaka mlangoni mwake na nguo ambayo watoto wako wanailipa kwa njaa.

Tuombe. Baba, tusamehe sisi viongozi tuliowatwisha watu wako mizigo ya kupendeza macho yetu. Mrudishe kila aliyebaki nyumbani leo kwa kukosa nguo. Tufundishe kufukua tulichoficha hemani kabla hakijaangusha nyumba. Katika jina la Yesu, amina.

Yule dada alikuwa mlangoni Jumapili. Amevaa sketi yake ya buluu ya zamani. Ndiye aliyenikaribisha.