Kanuni Isiyopiga Kelele
Kampuni moja ilikuwa ikipokea ankara za wauzaji kwa faili za XML, na kila faili ilipimwa kwanza kwa skima ya XSD 1.0, ile iliyotolewa na W3C mwaka 2001. Siku moja ikapita ankara ambayo tarehe yake ya mwisho ya kulipa ilitangulia tarehe ya kuandikwa. Skima haikuwa na kosa. Ilihakikisha kila tarehe ni tarehe kweli na imekaa mahali pake. Kulinganisha tarehe mbili si kazi iliyopewa.

Msimamizi akataka sharti hilo liandikwe ndani ya programu ya Java, yaishe. Kijana aliyekabidhiwa kazi akapinga, na naona alikuwa na hoja: kanuni ikishazikwa kwenye programu, mhasibu aliyeitunga hawezi kuisoma tena. Akachagua Schematron, lugha aliyoibuni Rick Jelliffe mwaka 1999, ambamo huelezi hatua za ukaguzi. Unataja sharti, na ujumbe wa kutolewa. Hata kanuni za ankara za kiwango cha Ulaya, EN 16931, zimeandikwa kwa lugha hiyo.

Basi akaandika: tarehe ya kulipa ikiwa ndogo kuliko ya kuandikwa, toa onyo. Akapitisha faili za mwezi mzima. Kimya. Akafurahi.

“Mwanangu,” mhasibu akamwambia, “hebu nionyeshe japo ankara moja iliyokataliwa.”

Akaleta ile ile ya mwanzo. Nayo ikapita!

Kumbe masharti aliyaandika kwa XPath 1.0, na humo alama ya “ndogo kuliko” hugeuza pande zote mbili kuwa namba. “2023-05-01” haigeuki namba. Huwa NaN, na kuuliza kama NaN ni ndogo kuliko chochote jibu lake ni “si kweli” daima. (Angeandika sharti kwa upande wa pili, kwa assert, inayolalamika sharti lisipotimia, ankara zote zingekataliwa na kosa lingejulikana asubuhi ile ile.) Akaondoa vistari kwa translate, tarehe ikawa 20230501, onyo likatoka.

Tangu hapo mhasibu akadai kila kanuni ije na faili yake mbovu. Haikuchukua muda likafichuka jingine: ndani ya patani moja, yaani kundi moja la kanuni za Schematron, elementi huchukuliwa na kanuni ya kwanza inayoilenga, zinazofuata hurukwa. Kanuni ya ankara za fedha za kigeni ilikuwa imewekwa chini ya ile ya ankara zote, kwa hiyo haikuwahi kukagua kitu. Ikahamishiwa patani yake.