Kujitawala na Kutawala

Lugha ya Kiswahili ina neno moja kwa mambo mawili makubwa. Nchi iliyotoka katika mikono ya wageni husemwa kuwa inajitawala. Na mtu awezaye kuizuia hasira yake, ulimi wake na tumbo lake husemwa vilevile kuwa anajitawala. Jambo la kwanza lina siku yake: bendera moja hushuka, nyingine hupanda, na watu hushangilia. La pili halina sikukuu, kwa kuwa halimaliziki mpaka kaburini. Walakini watu wengi, na Wakristo hasa, wameamini tangu zamani kwamba hilo lisilo na sikukuu ndilo msingi, na kwamba asiyejitawala hafai kutawala. Imani hiyo ina maswali mawili ndani yake. La kwanza ni kama ni kweli. La pili ni kama mtu aliyekwisha kujitawala amepata, kwa sababu hiyo, haki ya kuwapinda wengine wafanane naye. Swali la kwanza ni jepesi kiasi; katika la pili watu wema wamejikwaa.

Wako wasemao kwamba kiongozi apimwe kwa kazi yake tu. Fundi akijenga daraja imara, nani atauliza kama fundi huyo ni mlevi au mkali kwa mkewe? Daraja litasimama, na watu watavuka. Hoja hiyo ina nguvu, lakini imesahau jambo moja: fundi ana wasimamizi. Yuko anayempa vifaa na kuvihesabu, yuko anayekagua kazi, na mwisho uko mto wenyewe, usiompendelea mtu. Watu wengi huzuiwa na mambo ya nje kuliko wanavyojua. Maskini huzuiwa na umaskini wake, karani huzuiwa na daftari, mtumwa wa hasira huzuiwa na nguvu za jirani yake. Cheo huziondoa nyua hizo moja baada ya moja. Kiongozi hukabidhiwa funguo za hazina. Wanaomzunguka huanza kucheka anapocheka na kunyamaza anapokosea. Nyua zote za nje zikiisha kuanguka, hubaki ua mmoja tu, nao umo moyoni mwake. Kama haukujengwa kabla hajapewa cheo, ni vigumu ujengwe baadaye, maana mwenye shibe hana haraka ya kujifunza kufunga.

Basi swali la kwanza limejibiwa. Lakini ua huo hujengwaje? Mtume Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, yapata mwaka 50 baada ya Kristo, akifanya kazi ya kushona mahema pamoja na Akila na Prisila. Karibu na mji huo michezo ya Isthmia ilifanywa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, Paulo aliutumia mfano wa wanamichezo hao, wanaojinyima mambo mengi kwa ajili ya taji linalonyauka. Watu huukumbuka mfano huo, na husahau maneno yaliyoutangulia. Kabla yake Paulo alikuwa ametetea haki ya mhubiri kulishwa na kanisa: askari, mkulima wa mizabibu na mchungaji wa kundi wote hula katika kazi yao. Alipokwisha kuithibitisha haki hiyo, alisema kwamba yeye hakuitumia.

Hapo pana fundisho kubwa. Kuacha lililo haramu ni wajibu wa kila mtu, wala hakumfanyi mtu kuwa kiongozi. Kuacha lililo halali, kwa hiari, ili njia ya mwingine isizibwe, ndilo zoezi la mwenye kuongoza. Kufunga kwa Mkristo kuna maana hiyo hiyo. Chakula si kibaya. Hamu ya chakula ndiyo inayofundishwa kwamba ni mtumishi, si bwana. Aliyezoea kuiambia hamu yake ndogo ingoje hadi jioni, siku moja ataweza kuiambia hamu yake kubwa isije kabisa. Asiyewahi kuikatalia chai ya asubuhi hataikatalia hongo ya usiku.

Maisha ya Julius Nyerere ni kielelezo cha jambo hili katika Afrika ya Mashariki. Alibatizwa mwaka 1943, akawa Mkatoliki mwenye kuhudhuria misa na kufunga hata alipokuwa mkuu wa dola. Mwaka 1955 aliiacha kazi ya ualimu Pugu, pamoja na mshahara wake, kwa ajili ya chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Januari 1962, kabla ya kutimia miezi miwili tangu uhuru wa Tanganyika, aliuacha Uwaziri Mkuu mikononi mwa Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakasema wakubwa wanakula mishahara minono. Aliwafukuza mamia yao. Lakini siku hizo hizo alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya wakubwa wenziwe pia. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Na mwaka 1985 aliondoka katika kiti cha urais kwa miguu yake mwenyewe, katika bara ambamo wengi wa rika lake waliondolewa kwa bunduki au kwa mauti.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa sifa tu, na swali la pili lisingeulizwa. Haikuishia hapo. Ujamaa wa vijijini ulihubiriwa mwanzoni kuwa ni jambo la hiari. Mwaka 1973 iliamriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashamba wawe wamehamia vijijini. Watu kwa mamilioni walihamishwa. Mahali pengine walikwenda kwa kupenda. Mahali pengine walipakiwa katika malori, na nyumba zao zikabomolewa au zikachomwa moto ili wasirudi. Fikra iliyokuwa nyuma ya jambo hilo haikuwa wizi wala anasa. Ilikuwa fikra ya mtu mwadilifu, aliyeona wazi lililo jema, na aliyekuwa tayari kuteseka kwa ajili yake. Kosa lilikuwa kudhani kwamba utayari wake ungeweza kuwa amri juu ya mwili wa mwingine.

Huo ndio mtego wa mwenye kujitawala. Mlafi akitawala huiba, na watu humjua kuwa mwizi. Mwenye kujinyima akitawala huweza kudai kila mtu ajinyime, na watu huona haya kumpinga, kwa kuwa yeye mwenyewe hali zaidi yao. Lakini kujinyima ni wema kwa sababu kumetoka ndani. Kukitolewa hiari, kunakobaki si kujitawala tena. Ni kutawaliwa tu. Mzee aliyehamishwa kwa lori hakujifunza kiasi wala udugu. Alijifunza kuogopa lori. Biblia ya Kiswahili, katika orodha ya matunda ya Roho, imelitia tunda hili mwishoni kwa jina la kiasi, na neno hilo limechaguliwa vyema. Kiasi ni kipimo, nacho ni cha mwenye nguo. Fundi wa nguo hawezi kujipima mwenyewe, kisha akawashonea watu wa mji mzima.

Papa Gregorio Mkuu aliujua mtego huo. Alikuwa ofisa mkuu wa mji wa Roma, akaiacha fahari hiyo, akaigeuza nyumba ya wazazi wake kuwa monasteri. Alipofanywa Papa mwaka 590 bila ya kutaka, aliandika kitabu juu ya kazi ya mchungaji, chenye sehemu nne. Sehemu ya kwanza inawaonya wanaokimbilia uongozi kabla ya kujifundisha wenyewe. Sehemu ya mwisho, iliyo fupi kuliko zote, inamwonya mchungaji aliyefaulu: baada ya kuishi vyema na kufundisha vyema, arudi ndani ya nafsi yake, asije akaangushwa na wema wake mwenyewe.

Lakini kurudi ndani ya nafsi peke yake hakutoshi, kwa maana mganga hajigangi. Methali hii inasahihisha fikra ya kwamba kujitawala ni kazi ya mtu mmoja chumbani. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulikuwa na desturi nzito kwa wakubwa: askofu na mpishi walikaa katika mkutano mmoja, kila mmoja akaungama dhambi zake mbele ya wenziwe, na mdogo aliweza kumwonya mkubwa. Janani Luwum, aliyekuwa mwalimu, aliingia katika uamsho huo mwaka 1948. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa kanisa la Anglikana. Februari 1977 yeye na maaskofu wenziwe walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na dhuluma. Tarehe 16 ya mwezi huo aliuawa. Serikali ilitangaza ajali ya gari, na watu hawakusadiki. Hakuwa na askari, wala hakumlazimisha mtu yeyote kufa pamoja naye. Alikuwa na moyo uliokwisha kuzoezwa miaka mingi kusema kweli juu yake mwenyewe mbele ya ndugu. Kwa hiyo kusema kweli mbele ya dikteta hakukuwa somo jipya kwake.

Kujitawala, basi, ni msingi wa uongozi wa Kikristo, na ni lazima kubaki msingi. Msingi huchimbiwa chini, haupakwi chokaa wala hauonyeshwi wageni. Na hakuna ajengaye msingi ili awapige nao majirani. Kijana anayejiandaa kuongoza ana haki ya kujidai mambo magumu: saa zake, fedha zake, ulimi wake, hasira yake. Ana wajibu pia wa kumtafuta mwenziwe mmoja au wawili watakaoruhusiwa kumwambia kwamba amekosea, na kuwaweka karibu hata siku atakapopata cheo, maana siku hiyo ndipo watakapoanza kuogopa kusema. Kwa wengine atoe mfano, hoja na subira. Wakikataa, zoezi lake gumu kuliko yote litakuwa limefika: kuizuia nguvu yake hata pale anapoamini kwamba yuko katika haki.