Cha Bure Nacho Kina Deni

Nilipoanza chuo hapa Kampala, niliweka nakala ya wizi ya Windows kwenye kompyuta yangu, nikijitetea kwamba maskini hana njia nyingine. Utetezi huo ulikufa nilipoijua Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia na kuirekebisha. Ila anayeisambaza baada ya kuirekebisha lazima aache wazi alichoongeza. Je, ukarimu huo unaua biashara? Kampuni ya Red Hat iliuza huduma juu ya Linux, na mwaka 2019 IBM iliinunua kwa dola bilioni 34. Sasa siibi tena, lakini nadaiwa. Kuandika programu bado sijui. Basi jioni natafsiri maelezo ya programu huria kwa Kiswahili.